Banda Lililozibwa kwa Adabu

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, shemeji yangu aliingia nyumbani kwetu Thamesmead amekumbatia boksi la ndizi lililofungwa kamba. Saa naikumbuka kwa sababu nina tabia ya kuitazama kila shemeji anapoingia, ili baadaye nijue amekaa muda gani. Boksi lilikuwa likitikisika lenyewe.

"Shemeji," akasema, "nimemletea mama kuku. Kuku wa kienyeji, wallahi. Kama wale wa kwetu."

Tulikata kamba kwenye majani, nyuma ya jikoni. Walitoka kuku sita wa rangi ya kahawia, nusu uchi, shingo tupu, mikia mitupu, migongo myekundu kama ya mtu aliyeungua maji ya moto. Walikuwa kuku wa kiwandani, wale wanaotaga chini ya taa za umeme mpaka wachoke, kisha wauzwe kwa bei ya kutupa kwenye geti la shamba huko Kent. Kuku waliostaafishwa. Wa kwanza kukanyaga majani alisimama na mguu mmoja juu, kama mtu aliyekanyaga uchafu na hajui afute wapi. Maisha yake yote hakuwahi kugusa ardhi. Huyo ndiye kuku wa kienyeji wa shemeji yangu.

Lazima niseme mapema shemeji ni nani, maana kila upumbavu unaofuata hapa, wake na wangu, unaanzia hapo. Ni kaka mkubwa wa mke wangu. Tulipooana, baba yao hakuweza kutoka Unguja, kwa hiyo walii alikuwa yeye. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake nilipoozeshwa. Kwetu, mtu aliyekuoza humkosoi mbele za watu. Humkosoi hata pembeni. Unaitikia, unamtilia chai, na unangoja aondoke.

Kuku walikuwa wa mama yao, mkwe wangu, aliyekuwa amefika kwetu mwezi wa Aprili. Tangu afiwe na mumewe alikuwa amehamishwa mara tatu: kutoka Unguja kwenda Mombasa kwa binti mmoja, kutoka Mombasa kwenda Maskati kwa mtoto wa mwisho, na kutoka Maskati kuja kwetu. Siku aliyofika alimwambia mke wangu, "Mwanangu, hili ni sanduku langu la mwisho. Sitafungashwa tena nikiwa hai." Lakini nyumba yetu haikumtaka. Thamesmead ilijengwa juu ya kinamasi, na nyumba zetu za zege kuta zake hutoka jasho kuanzia Septemba mpaka Mei. Kabla Septemba haijaisha alikuwa na kikohozi cha kumkatiza katikati ya sentensi.

Shemeji, aliyekuwa na nyumba kavu ya vyumba vitatu Hounslow ambamo kwa sababu zisizojulikana hapakuwa na nafasi ya mama yake, alitoa hukumu juu ya nyumba yetu. "Nyumba hii ina maradhi. Tumpe mpaka mwisho wa Februari. Akiwa bado anakohoa, nampeleka Maskati." Mke wangu akaiosha sufuria ile ile mara mbili.

Daktari alisema chumba cha mama kinahitaji hewa. Mama alikuwa amekwisha kukiziba. Alikuwa amebandika magazeti kwenye dirisha lote kwa uji wa unga wa ngano, akasokota blanketi chini ya mlango, akawasha hita ya mafuta ya taa. Nilikuwa nimesoma kwamba lita moja ya mafuta hayo ikiungua hutoa hewani karibu lita moja ya maji. Yaani kila jioni mama mkwe alikuwa akijichemshia bwawa na kulala ndani yake. Nilijua, na sikuweza kumwambia. Mkwe wangu simtazami usoni, sili mbele yake, siingii chumbani kwake, na hakuna njia ya heshima ya mwanamme kuzungumza na mama mkwe juu ya hewa anayoivuta akiwa kitandani. Mke wangu alijaribu, akajibiwa, "Wewe na mumeo mnataka kuniua kwa upepo." Tukawatuma watoto. Watoto wakamweleza kwa Kiingereza, kama wanavyoeleza kila kitu, na bibi yao akawapa peremende.

Kwa hiyo nilipoona wale kuku sita wenye mapaja wazi sikutarajia kheri yoyote. Asubuhi ya pili, saa moja kamili, nilisikia ngazi zinalia. Mama mkwe alikuwa anashuka, koti la mke wangu juu ya kanga zake mbili, mkononi sufuria ya ukoko wa wali. Kwa miezi sita hakuwahi kushuka kabla ya adhuhuri. Akatoka nje, akachuchumaa, akawaita. Kuanzia siku hiyo hakukosa hata asubuhi moja.

Na hapo ndipo alipopata njia ya kusema na mimi. Alisema na kuku.

"Kuku wangu," alisema siku ya tatu, mimi nikiwa hatua nne nyuma yake, "mwambieni baba mwenye nyumba kwamba boksi la ndizi si nyumba ya mtu."

"Kuku," nikajibu, nikiwatazama wao, "mwambieni mama kwamba Jumamosi mtakuwa na banda."

Mapinduzi yalinikuta darasa la tisa, na elimu yangu ya darasani iliishia hapo. Mengine yote, kuanzia umeme wa nyumba mpaka utunzaji wa hesabu ulionipa kazi ya karani katika stoo ya vipuri vya mabasi, nimejisomea maktaba, kalamu mkononi. Nikaazima kitabu cha kufuga kuku katika nchi za baridi, nikakisoma mara mbili, nikaandika kurasa kumi na moja za daftari. Kwa yeyote anayetaka kuanza, mambo yenyewe ni machache, na ajabu ni jinsi watu wanavyoyakataa.

Kuku ana koti lake. Akiwa mkavu, akiwa na manyoya, akiwa na chakula, baridi ya London haimwui. Kinachomwua ni unyevu. Anapumua maji usiku kucha, na kinyesi chake ni maji zaidi ya nusu. Maji hayo yakikosa pa kutokea hupanda juu, hugandia darini, na humrudia mgongoni. Basi banda likae juu ya matofali, lisiguse udongo. Sakafu imwagiwe maranda makavu ya seremala, inchi nne. Mti wa kulalia uwe ubao mpana, si fimbo, ili kuku akikaa vidole vyake vifunikwe na kifua chake. Maji ya kunywa yakae nje. Na juu kabisa, chini ya ukingo wa paa, pande zote mbili, yawepo matundu ya hewa yaliyo juu ya vichwa vya kuku, hewa chafu ipite juu yao bila upepo kuwapiga. Matundu hayo yawekewe wavu wa waya mgumu, kwa sababu ya mbweha, ambao Thamesmead wanatembea mchana kama wanaolipa kodi.

Nilijenga kwa mbao za paleti nilizoruhusiwa kuchukua kazini, futi nne kwa nne, paa la mteremko lenye karatasi ya lami. Lilinichukua Jumamosi mbili, si moja, na mama mkwe hakuacha kuwaambia kuku kwamba walidanganywa. Lakini lilikuwa banda sahihi. Nasema hivyo bila majivuno, nililipima.

Mwanzoni mwa Desemba shemeji alikuja kulikagua, pamoja na jamaa wawili aliotoka nao msikitini, mmoja dereva wa teksi na mwingine aliyekuwa karani wa forodha. Sijapata kukutana na mwanamme wa kwetu hapa London asiyejua kuku. Wote wamefuga. Ukiwadadisi kidogo unagundua kwamba waliofuga ni mama zao. Wao walikuwa wakila.

Shemeji alilizunguka banda mikono nyuma. "Sasa hili, shemeji, ni banda au mnara wa kuadhinia? Matundu huku, matundu kule. Unafuga kuku au unafuga upepo?"

"Kitabu kinasema..."

"Kitabu!" Akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Kuku anasomewa hitima kabla hajafa."

Wakacheka mpaka dereva wa teksi akashika ukuta. Karani wa forodha akafuta macho, akatoa ushauri wake. "Muhimu joto, yakhe. Kuku mtoto wa jua. Kwetu tulikuwa tunamfungia usiku asiingie hata mbu."

"Kwetu tulikuwa tunamfungia fungo asimle," nikasema. "Si kwa baridi." Huo ndio ulikuwa upinzani wangu wote.

"Ndiyo hayo hayo," akasema shemeji. "Kufungia ni kufungia. Leta nyundo."

Alikuwa amekuja na vipande vya zulia kuukuu garini; alikuwa ameshaamua kabla hajaliona banda. Akayaziba matundu yote kwa zulia, akajaza magazeti kwenye kila upenyo, akapigilia, na mwisho akatundika kandili iwakayo ndani. Mimi nilisimama pembeni yake na mkebe wa misumari. Nilikuwa na kurasa kumi na moja, kwa mwandiko wangu mwenyewe, za kueleza kwa nini tunalofanya ni kosa. Akanyoosha mkono, nikampa msumari. Akanyoosha tena, nikampa mwingine. Niliwadharau wote watatu, na katika wale watu wanne waliokuwa pale mjinga mkubwa nilikuwa mimi, kwa sababu wao angalau hawakujua. Walipoondoka niliizima kandili na kuitoa. Ushujaa wangu wa mwaka ule uliishia hapo. Zulia sikuligusa. Angekuja kuliangalia.

Wiki chache hazikuonyesha kitu, kwa kuwa Desemba ile ilikuwa ya mvua tu. Kisha Januari ikashuka jalidi nyeupe, siku tatu mfululizo, bomba la nje likapasuka. Jumapili asubuhi, mama mkwe aliniwahi. Nilikuwa natafuta viatu nilipomsikia anaita, "Kuku wangu! Kuku wangu!" na sauti haikuwa ile ya ukoko.

Alikuwa ameufungua mlango wa banda, na mvuke ulikuwa unatoka kama sufuria iliyofunuliwa. Dari la ndani lilikuwa na matone yaliyoganda, safu kwa safu. Maranda yalikuwa mazito kama wali uliotiwa maji mengi. Kuku mmoja alikuwa chini ya mti wa kulalia, amekakamaa kama gogo, manyoya yake yameloa. Watano walikuwa juu, wamejikunyata, na ile nyama nyekundu ya vichwani mwao, upanga, ilikuwa imegeuka kijivu kwenye ncha kama iliyochovywa majivu. Siku zilizofuata ncha hizo zilikuwa nyeusi, kisha zikadondoka.

Mke wangu alimpigia simu kaka yake. Saa tano alikuwa amefika. Alimtazama kuku aliyekufa kwa huzuni ya kweli.

"Laiti mngewahi kumchinja."

"Kafa usiku," mke wangu akasema.

"Basi nyamafu. Hasara tupu." Akavua glavu. "Mmeona sasa? Nilisema. Nyumba hii inaua. Leo kuku, kesho nani? Mama, anza kufunga mizigo. Tiketi nanunua mimi. Nusu kwa nusu, shemeji."

Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jikoni, koti limefungwa vifungo vibaya. Mke wangu alikuwa nyuma yake, na niliuona mkono wake umeshika upindo wa koti lile kama mtoto aliye sokoni.

Nikaingia ndani, nikatoka na koleo. Nikaanza kung'oa misumari ya zulia.

"Shemeji, unafanya nini?"

Sikumjibu yeye. "Kuku," nikasema, mgongo wangu kwake, "baridi haikumwua mwenzenu. Mna makoti. Pumzi zenu wenyewe ndizo zilizomwua, zimekosa mlango. Zimegeuka maji, maji yamewalowesha, na baridi imewakuta mmelowa. Haya niliyajua tangu Oktoba. Nimeyaandika."

Shemeji akacheka peke yake kidogo, akaacha.

"Kuku wangu," akasema mama mkwe, "muulizeni huyo ajuaye sana. Kama alijua, mbona alikuwa akimpa mwenzake misumari? Nilimwona."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kwenye magazeti ya dirisha lake alikuwa ametoboa tundu la kuchungulia.

"Mwambieni mama," nikasema, "niliona haya."

"Haya!" akawaambia kuku. "Tazameni, haya za mtu mzima. Mmoja kashazilipia."

Ni jambo kali zaidi nililowahi kuambiwa London, na nimeambiwa mengi na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nikaendelea kung'oa.

Jioni ile nilitupa maranda yote, nikamwaga makavu, na ndani ya banda nikatundika kioo kilichotoka kwenye fremu ya picha. Sikutaka tena kubishana. Nilitaka kitu cha kuonekana. Asubuhi jalidi ilikuwa bado nyeupe, maji ya kunywa yamekuwa jiwe, na kioo kilikuwa kikavu. Nikawaambia kuku hivyo kwa sauti. Mama mkwe akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya kioo, akakitazama kidole. Akamwaga ukoko na kurudi ndani. Alifanya hivyo asubuhi nne.

Siku ya tano kioo hakikuwapo. Nilidhani kimeanguka, nikatafuta kwenye maranda. Mke wangu ndiye aliyeniambia, akijizuia kucheka: mama yake alikuwa amekichukua, akakilaza mezani pembeni ya kitanda chake, akalala. Alipoamka kilikuwa kinatiririka maji. Hakumwonyesha mtu. Alikifuta, akakilaza tena usiku wa pili, kwa sababu mara moja si ushahidi. Katika watu wote wa hadithi hii ndiye pekee aliyefanya jambo kama linavyopaswa kufanywa, na hakusoma hata ukurasa mmoja.

Asubuhi iliyofuata pipa la taka lilikuwa limejaa magazeti yenye uji mkavu. Nikainua macho. Dirisha lake lilikuwa wazi, upana wa kiganja. Hita ya mafuta ilikuwa imewekwa chini ya ngazi, imegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Badala yake aliomba blanketi la tatu.

Sitadanganya kwamba kikohozi kiliisha. Kilipungua. Kufikia katikati ya Februari alikuwa analala kutoka isha mpaka alfajiri, na akawa anamaliza sentensi zake, jambo ambalo si kila mtu nyumbani alilifurahia. Kuku wakaota manyoya mapya, wakaonekana kuku. Mmoja akataga. Mama mkwe alilila yai lile mbele ya watoto, akatafuna pole pole, akatangaza kwamba bado linanuka kiwanda, lakini kidogo.

Ijumaa ya mwisho ya Februari shemeji alikuja na bahasha. Mama alikuwa nje, anakwangua banda kwa mwiko wa zamani.

"Mama, tiketi hii. Jumanne."

"Ya nani?"

"Yako, mama."

"Mimi nina kuku watano. Asubuhi nani atawafungulia? Wewe? Wewe unajua kufunga tu."

"Mama, tulishasema. Hii nyumba..."

"Mlisema ninyi. Njoo usikilize kifua changu." Akavuta pumzi ndefu, akaitoa, na mvuke wake ukapanda juu ya paa la banda. Alikohoa mara moja, kwa ukaidi. "Una nyumba kavu Hounslow, vyumba vitatu. Sijakuuliza hata siku moja kwa nini sikai humo. Basi na wewe usiniulize kwa nini nakaa hapa."

Shemeji akakunja bahasha. Mke wangu akaingia jikoni, nikasikia anafungulia maji kwa nguvu ambayo haikuwa na sababu.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba tiketi za aina ile wakala harudishi fedha, na kwamba tulikubaliana nusu kwa nusu. Hatukukubaliana. Alisema yeye, nikanyamaza mimi, siku ile ile ya kuku kufa. Nilikuwa na maneno kamili ya kumjibu, yamepangika. Nikainua macho kwenye dirisha lililo wazi, nikaingia ndani, nikatoka na fedha. Tiketi ilikuwa pauni mia na themanini na tano. Nusu yake nilimhesabia mkononi, mkono ule ule wa nikahi, na akaipokea: pauni tisini na mbili na peni hamsini.